Jiwe Lililosingiziwa

Uulkan alijua ugonjwa umetoka wapi kabla hata hajamgusa mgonjwa. Juzi yake tu, kwa macho yake mwenyewe, alimwona mkamwana wake Burul ameketi juu ya jiwe kando ya kijito anasugua masufuria, miguu ndani ya maji ya theluji, na tumbo la miezi mitano limemlalia mapajani. Alimpigia kelele toka mlangoni mwa hema mpaka farasi wakasimamisha masikio. Katika malisho yale ya mlimani, juu ya mji wa Naryn, hakuna mwanamke asiyejua kwamba baridi ya jiwe humpanda mwanamke tumboni ikamharibia kila kitu. Watoto wa kike huambiwa hivyo kabla hawajajua kuhesabu, nao wakikua huwaambia wengine, na sidhani kama yupo aliyewahi kulisikiliza jiwe lenyewe likijitetea.

"Umekalia nini hapo?" alimwuliza siku hiyo.

"Nimechoka kuchuchumaa, mama."

"Umechoka. Na huyo uliyembeba, yeye umemwuliza? Nyanyuka. Nyasi zote hizi, wewe unakwenda kukalia barafu."

Burul alinyanyuka bila neno. Hakuwa msichana wa kujibizana, na kule kwao hiyo ni sifa kubwa kuliko uzuri. Alikuwa ameolewa vuli iliyopita na Ulan, mtoto pekee wa Uulkan. Kiangazi hiki Ulan alibaki bondeni kukata majani ya kulishia mifugo wakati wa baridi, akampandisha mkewe mlimani kwa wazazi wake. Alipokuwa akiondoka alimwambia mama yake maneno matatu tu: "Mama, nakuachia wawili." Uulkan aliyapokea kwa uzito wake wote. Wawili aliachiwa, wawili angewarudisha.

Kwa hiyo asubuhi ile, Burul alipoinuka ghafla katikati ya kukama farasi jike wa tatu, ndoo ikabaki chini ya farasi na yeye akajikunja ameshika tumbo, Uulkan aliyekuwa amemshikilia mtoto wa farasi alimwachia akakimbilia kwa Burul. Alimvuta pembeni akamhoji. Burul alijibu kwa kunong'ona, macho chini. Akienda haja ndogo anaungua. Yanatoka matone mawili matatu, halafu hata hajafika hemani anataka kwenda tena, na akienda hakuna kitu. Chini ya kitovu pazito. Na mkojo wenyewe una ukungu, unanuka vibaya.

"Nilikwambia," alisema Uulkan.

Neno hilo lina utamu wake hata mdomoni mwa mtu anayekupenda, na sitamficha Uulkan: aliuonja. Kisha akaanza kazi. Alimzungushia kiunoni mkanda wa sufu ya ngamia, raundi mbili. Akamlaza karibu na jiko. Na maji ya kijito akayapiga marufuku kabisa, kwa sababu msichana alikuwa na tabia ya kuyateka kwa viganja na kuyanywa yakiwa baridi hivyohivyo. Maziwa ya farasi yaliyochachuka nayo yakakatazwa, maana hunywewa baridi. Atakunywa chai nyeusi yenye mafuta ya mkia wa kondoo, bakuli moja asubuhi na moja jioni, basi. Baridi hukaa kwenye maji, na mtu mwenye baridi tumboni hajazwi maji.

Burul alitii. Siku ya pili Uulkan alifurahi sana, kwa kuwa yule aliyekuwa akitokatoka kila dakika sasa alikuwa ametulia, hatoki kabisa. Alimwambia mumewe, Kalybek, kwamba dawa imekubali. Kalybek alitikisa kichwa kwa heshima, kama afanyavyo kila anapoelezwa mambo ya wanawake, akarudi kwenye darubini yake ya kuwatazamia farasi.

Siku ya tatu Burul alianza kutetemeka. Lilikuwa jua la mwezi wa saba, kondoo wamekimbilia kivuli cha mwamba, naye chini ya mablanketi matatu meno yanagongana.

"Sasa inatoka," Uulkan alisema. "Si unaona? Baridi inatoka hiyo."

"Mgongo, mama."

"Ndiyo njia yake. Jikaze."

Msichana alijikaza kisabuni. Lakini saa moja baadaye alitapika ile chai, na Uulkan alipomgusa upande wa kulia chini ya mbavu akajiviringa mbali na mkono. Ngozi yake ilikuwa moto. Hapo Uulkan aliona kwamba baridi imekataa kutoka kwa hiari, na kwamba imebaki dawa ya mwisho, ya wazee: kuchinja kondoo, kumchuna upesi, na kumfunga mgonjwa ndani ya ngozi ile ingali na joto la mnyama. Alimtuma Kalybek kundini.

"Lete mweusi. Aliyenona. Na usiende kupiga soga kwa jirani."

Kalybek alipanda farasi akaondoka. Uulkan alibaki peke yake na Burul. Aliingiza mkono chini ya mablanketi akauweka juu ya lile tumbo, akangoja. Wiki nzima mtoto alikuwa akicheza humo, hata chai ilimwagika siku moja kwa teke lake. Sasa palikuwa kimya. Alingoja mpaka mkono ukafa ganzi. Uulkan aliogopa, aliogopa hasa, na kwa mara ya kwanza hakuwa na neno la kumwambia mtu afanye nini.

Kalybek alirudi na kondoo amemlaza mbele ya tandiko, na nyuma yake, juu ya jike la kijivu, alikuwa Gulsun, tabibu wa zahanati ya bondeni, aliyekuwa amepanda kuwachanja watoto wa mahema ya jirani. Mzee hakumleta kwa ajili ya ugonjwa. Wazo hilo halikumpitia.

"Nilipita kwa jirani kidogo tu," alijitetea. "Nikamkuta anafunga mizigo yake. Nikaona, tunachinja, kwa nini mgeni aondoke na njaa?"

Gulsun alikuwa mwanamke mfupi, wa makamo, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kushindana na upepo. Aliposikia kondoo anachinjwa kwa sababu gani, aliruka chini kutoka kwa farasi kabla hajakaribishwa. Alimpapasa Burul paji la uso, akamgeuza kwa upole, akamgonga kidogo chini ya mbavu, na Burul akalia. Tangu aolewe, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Uulkan kuisikia sauti yake yote.

"Mama," alisema Gulsun bila kugeuka, "huyu tayari anaungua, na wewe unataka kumpika. Hebu nenda nje kidogo."

"Niende nje? Kwangu?"

"Kwako. Na mzee ampeleke huyo kondoo alikomtoa."

Uulkan alitoka kwa hasira. Akazunguka, akasimama nyuma ya hema, pale ambapo sufu ya ukuta ilikuwa imekunjwa chini ili hewa ya kiangazi ipite. Sufu huficha macho, masikio haiyafichi, na kila aliyelelewa hemani anajua wapi pa kusimama. Hakuona haya hata kidogo.

"Mara ya mwisho kunywa maji ni lini?" Gulsun aliuliza ndani.

"Leo asubuhi nilikunywa chai."

"Nimesema maji."

"Mama kakataza. Yana baridi."

"Na kabla hujaumwa, ulikuwa unakunywa?"

"Kidogo."

"Kidogo kwa nini? Kijito si hicho hapo mlangoni?"

Uulkan alisikia Gulsun anafungua mkoba, vichupa vinagongana, na bado msichana amenyamaza.

"Mimi naondoka jioni hii, mdogo wangu," Gulsun alisema. "Siri yako naondoka nayo. Sema."

"Ili nisitake kwenda haja."

"Na ukienda kuna nini?"

"Baba huwa ameketi pale nje, dada."

Hivyo tu, na Uulkan alielewa yote. Kalybek alikuwa na mahali pake. Akishakunywa chai ya asubuhi alitandika mkeka wake wa sufu hatua kumi kutoka mlangoni, akaketi na darubini kuwatazama farasi kwenye mteremko wa ng'ambo, na wageni wakija waliketi naye. Mlima wenyewe pale ni upara, hauna hata kichaka. Korongo moja tu ndilo linaloweza kumficha mwanamke, nalo liko mbele ya mzee. Na mkamwana hamkati njia baba wa mumewe, wala hampi mgongo. Akitoka hemani hutoka kinyumenyume.

"Kwa hiyo unakwenda lini?"

"Kabla hajaamka. Halafu anapokwenda kuwaleta majike. Siku za wageni, mpaka waondoke."

"Unabana mkojo tangu alfajiri hadi jioni, na mimba hiyo?"

"Wakamwana wote hubana, dada," alisema Burul, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo linalojulikana.

Uulkan aliketi chini palepale nyuma ya hema. Wakamwana wote hubana. Naam. Alibana yeye, katika mteremko uleule, miaka arobaini nyuma, na pale mbele alikuwa ameketi baba yake Kalybek. Alijifunza kunywa nusu bakuli na kulamba midomo kama mtu aliyeshiba. Aliungua, akatetemeka, na mimba ikiwa ya miezi saba akazaa mtoto wa kike ambaye hakulia. Mavyaa wake, mama yake Kalybek, alimwuliza swali moja tu: "Ulikaa wapi?" Alifikiri, akafikiri, mpaka akakumbuka jiwe. Kila mtu ana jiwe la kukumbuka akitafuta sana. Kwa miaka kumi hakupata mwingine, kisha akaja Ulan. Kwa miaka arobaini hakulisamehe lile jiwe, wala hakumsamehe msichana yule mjinga aliyelikalia. Burul hakuwahi kusimuliwa habari hiyo. Alichopewa ni amri tu.

Gulsun alipotoka alimkuta bado yuko chini, akachuchumaa mbele yake.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Vizuri, umenipunguzia kazi. Hii si baridi, mama. Ni vijidudu. Vinatoka mwilini mwetu wenyewe, kule nyuma tunakotolea choo, vinaingia mbele, vinakwenda kwenye kibofu. Kwa mwanamke safari ni fupi, na akiwa na mimba mkojo unatuama zaidi. Anayekunywa maji na kukojoa anavisukuma nje. Anayebana anavifuga. Kule kuungua, kwenda kila saa, mkojo kuwa na ukungu, ilikuwa kibofu kinaomba msaada. Sasa vimepanda kwenye figo."

"Na kutetemeka?"

"Homa."

"Mbona jana alitulia? Alikuwa haendi tena."

"Aende na nini? Bakuli mbili za chai."

"Mtoto," alisema Uulkan, na hakuweza kumaliza.

Waliingia pamoja. Gulsun alimchoma Burul sindano, kisha akatoa kile kibomba cha mbao cha wakunga, cha kusikilizia moyo wa mtoto, akakiweka juu ya tumbo na kukiinamia kwa sikio. Alikihamisha. Akakihamisha tena. Uulkan alikuwa amekamata nguzo ya hema kwa mikono yote miwili.

"Yupo," Gulsun alisema mwishowe. "Moyo unakwenda mbio, ni homa ya mama yake, ila yupo. Mpigieni simu Ulan alete gari sasa hivi, alazwe. Na maji, mpe maji. Chemsha, yapoze, ampe yeyote, anywe kidogokidogo bila kukoma. Ila nisikilize, mama. Sindano na vidonge vinaua vilivyoko leo. Akirudi hapa akabana na kushinda na kiu kama mwanzo, vitarudi, na siku hiyo siahidi kwamba nitasikia mioyo miwili."

Kabla Gulsun hajapanda farasi wake, Uulkan alimshika mkono wa joho. Alimwuliza kwa maneno machache, amegeukia mlima, habari ya zamani ile.

"Siwezi kusema ndiyo, wala siwezi kusema hapana," alijibu Gulsun. "Sikuwepo. Inawezekana, mama. Inawezekana sana."

Burul alilazwa siku nane hospitali ya wilaya. Aliporudi, amekonda, shingo imekuwa nyembamba, ila mtoto anapiga mateke kama zamani, alikuja na vidonge na karatasi yenye maandishi ya Gulsun. Uulkan alimsomesha karatasi hiyo kwa sauti, jioni hiyohiyo, wawili tu. Vidonge viishe vyote hata kama anajiona mzima. Maji mpaka mkojo uwe mweupe. Aende haja kila wanapokama, yaani kila saa mbili, ahisi asihisi, na asiondoke mpaka umekwisha. Ajipanguse kutoka mbele kwenda nyuma. Maji tu huko chini, sabuni ya kufulia ibaki kwa nguo. Nguo za ndani za pamba. Ukirudi ule mwako, aseme siku hiyohiyo. Mstari wa mwisho ulisema aende haja kila baada ya kulala na mumewe, na hapo Uulkan akakohoa.

"Imeandikwa, mama," alisema Burul, uso umemwiva.

"Nimesikia imeandikwa. Huyo tumboni hakuletwa na upepo. Endelea."

"Imekwisha."

Asubuhi ya kesho yake Burul alikunywa bakuli kubwa la maji mbele ya mavyaa wake, akanywa la pili. Walikama mara ya kwanza. Walikama mara ya pili. Kisha wakaja wageni wawili, wazee wa mahema ya chini, kuulizia hali ya mgonjwa. Wakaketi nje na Kalybek, darubini ikapita mkono kwa mkono. Burul alipiga magoti kando ya samovari akamimina chai, nusu bakuli kwa adabu, maana kumjazia mgeni ni kumfukuza, akazipitisha mlangoni, akapokea tupu, akamimina tena. Uulkan alikuwa akikanda unga. Aliinua macho akaona magoti ya msichana yamebanana, na vidole vya miguu vinakunjwa na kukunjuliwa ndani ya soksi.

"Nenda," alisema.

"Bado, mama. Naweza kungoja."

"Karatasi inasemaje?"

Burul alitazama mlangoni, migongo ya wale wazee watatu, na lile korongo mbele yao. Machozi yalimlengalenga. "Siwezi, mama," alisema. "Naogopa kufa, ila pale siwezi kupita."

Uulkan alimwelewa kabisa, na hilo ndilo lililomuuma. Hospitali nzima ilikuwa imemalizikia kwenye kizingiti. Angeweza kumshika mkono akamvuta. Msichana angepita mara moja, kwa aibu, na kesho angeanza tena kunywa nusu bakuli. Alipangusa unga mikononi akatoka.

"Mzee," alisema, "hamia nyuma ya hema."

Kalybek alicheka akiwatazama wageni. "Umenifukuza sasa, kizee wangu? Toka huku nawaona majike."

"Na kule utawaona."

"Baba yangu alikaa hapahapa."

"Najua alikaa hapo."

"Sasa tatizo nini?"

Mambo haya hayasemwi mbele ya wageni, wala hayasemwi kwa mume, na Uulkan alikuwa ameishi miaka sitini na miwili bila kuyasema. Alipiga moyo konde.

"Mkamwana wako hawezi kukukata njia. Korongo liko mbele yako, kwa hiyo anabana kutwa nzima, na ili abane hanywi maji. Ndicho kilichomlaza. Mtoto wa Ulan amekaribia kufa kwa sababu wewe umeketi hapo na mimi nimenyamaza."

Wageni waligeuka kutazama milima, wote wawili kwa pamoja. Kalybek aliiva hadi masikioni.

"Wanawake wote wa hema hili wamepita katika desturi hiyo," alisema. "Wewe mbona hukuugua?"

"Niliugua. Mwaka wa yule binti yetu."

"Ile ilikuwa jiwe."

"Tulisema ni jiwe."

Kalybek aliishusha darubini mapajani. Alilitazama korongo, kisha mlango wa hema, akapima kwa macho zile hatua, kama mtu anayezitembea.

"Baba alipokuwa ameketi hapa," aliuliza, taratibu sasa, "wewe ulikuwa unapita wapi?"

"Sikuwa napita," alisema Uulkan.

Mzee alijifunika uso kwa mkono. Kisha akainuka kwa taabu, akaukunja mkeka wake, na wageni nao wakainuka bila kuuliza. Walizunguka nyuma ya hema, mmoja nyuma ya mwingine, na Burul akapita.